Siku Daftari Langu Lilipopewa Jina

Maziwa ya Mama Ndeanasia yalifika kwetu kila asubuhi yakiwa na harufu ya jani bichi la mgomba. Aliteremka nayo kwa miguu kutoka Old Moshi, madumu mawili, kila dumu limezibwa kwa kipande cha jani kilichosokotwa kwa kuwa vifuniko vilishapotea siku nyingi. Mama alipoyamimina sufuriani na kutupia punje za iliki, harufu zile mbili zilipanda pamoja hadi kitandani kwangu na kuniamsha kabla sijaitwa. Tulikaa ghorofani, juu ya duka la Baba la vitambaa, mtaa wa pili kutoka sokoni. Dirisha la jikoni lilitazama mlima, ingawa miezi ya masika mlima wenyewe hukuuona. Uliona wingu, na chini ya wingu kijani cha migomba, na barabara nyekundu aliyoshukia yule mama. Watu wakiniuliza nyumbani kwa Wahindi kulinukaje, najua wanangoja niseme ubani na bizari. Watangoja sana. Kwetu kulinuka maziwa ya Old Moshi.

Naitwa Hansa. Mwaka ninaousimulia nilikuwa darasa la tano, msichana mwembamba mwenye mdomo usiolingana na kimo chake, na masika ya mwaka huo ndiyo niliyogombania jina ambalo hata halikuwa langu. Ili nieleweke, lazima kwanza nimtaje shangazi yangu Kanta, dada yake Baba. Tulimwita Kantafoi, maana foi kwa Kigujarati ndiyo shangazi. Alifiwa na mume akiwa bado kijana, akarudi kukaa na kaka yake, na tangu hapo nyumba ikawa yake. Baba alijidai ndiye mkubwa. Sote tulijua ukweli. Kwa desturi yetu, kazi ya wazazi ni kuzaa, na jina ni mali ya foi. Siku ya sita mtoto hulazwa katikati ya kitambaa, watu wanne hushika pembe nne na kumbembeza, kisha foi hulitamka jina mbele ya wote. Kabla ya hapo mtoto hana jina, na mwingine yeyote atakayemtungia, hata awe baba mzazi, anajisumbua bure. Kantafoi alinipa jina mimi, akampa mdogo wangu Nilesh, na kwa jinsi alivyolishikilia jukumu hilo ungedhani ameajiriwa na serikali.

Shuleni tulikuwa na mwalimu wa Kiswahili, Mwalimu Kimaro, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye hakuwahi kumchapa mtu fimbo na bado aliogopwa kuliko walimu wote. Masika ile alitangaza kwamba siku ya kufunga shule, wazazi wakiwa ukumbini, hadithi moja tu itasomwa, na atakayeisoma ni yule aliyeitunga. Niliitaka nafasi hiyo kwa roho yangu yote, na sababu ilikuwa moja: Baba. Baba hakuwahi kukanyaga shuleni kwetu. Kila mwaka Mama alikuja peke yake akakaa viti vya nyuma, na Baba alibaki dukani akisema kuwa wateja hawana likizo. Nilijiambia kwamba nikisoma mimi, mbele ya watu wote wale, hata yeye atafunga duka. Basi nikaandika kwa wiki mbili. Ilikuwa hadithi ya msichana aitwaye Neema, aliyekaa na bibi yake pembezoni mwa mji, mwisho kabisa wa mfereji unaoshuka kutoka mlimani. Siku moja mfereji ukakauka. Neema akaufuata kwa miguu, akapanda shamba la migomba moja baada ya jingine, mpaka akaingia msituni kwenye ukungu, akakuta mti umeanguka na kuziba maji. Akauondoa, akarudi nyumbani huku maji yakimtangulia.

Mwalimu Kimaro alinirudishia daftari Jumatatu. "Hansa," alisema mbele ya darasa zima, "hadithi yako imezishinda zote. Lakini huyu Neema nimemtafuta nyumbani kwake sijamwona." Sikumwelewa. Akafungua daftari. "Bibi yake nimemwona, anawasha taa ya samli jioni mbele ya picha. Mlangoni nimeona majani ya mwembe yametungwa kwenye uzi. Nyama hawali. Chapati nimezinusa. Nyumba hii naijua, nimeshakunywa chai humo. Ila huyo Neema wako ameingiaje?" Darasa likaangua kicheko. Elibariki, ambaye hadithi yake ya mwizi wa ndizi ilikuwa ya pili, alicheka kuliko wote, meno yote nje. Mwalimu alingoja wanyamaze, kisha akaninyooshea daftari. "Mtafutie jina lake. Nalitaka Ijumaa. Asipopatikana, atasoma Elibariki."

Nilikaa chini nikiwa na hasira za kupasuka. Kosa langu lilikuwa nini? Katika vitabu vyote tulivyosoma, watoto waliofanya mambo ya maana waliitwa Neema, Juma, Asha. Sisi tulikuwamo pia, sikatai. Tulikuwamo dukani, nyuma ya mizani, tukipima sukari, na jina letu lilikuwa "Mhindi". Mhindi akasema, Mhindi akafunga mlango, basi. Sikuwahi kusoma popote kwamba Mhindi alipanda mlima akazibua maji. Tena wenzangu wa mlimani nao walikuwa wajanja: Grace, niliyekaa naye dawati moja, aliitwa Manka akishafika tu kwao, na jina hilo hakulileta shuleni hata siku moja. Kila mtu alikuwa na jina la kuvaa na sare. Mimi nilikuja na la nyumbani kwa sababu sikuwa na jingine, na kila yalipoitwa mahudhurio hakukosekana mtu wa kuliimba kwa sauti ya puani. Yaani nimpe mateso hayo msichana ambaye hajanikosea chochote?

Na hata kama ningekubali, jina lenyewe ningelitoa wapi? Msomaji atacheka, lakini hilo ndilo lililoninyima usingizi. Neema nilikuwa nimemwokota kitabuni, kwa hiyo hakuna aliyeniuliza. Jina la kwetu lilikuwa jambo jingine. Nilikuwa mtoto wa nyumba ile. Nilijua kwamba jina la kujitungia halihesabiki, na kwamba nikimbandika msichana wangu jina lolote la Kigujarati bila mwenye mamlaka kulitoa, Mwalimu Kimaro angefungua daftari na kukuta hayumo vilevile. Jumatano mchana nikajipa moyo. Kantafoi alikuwa amekaa sebuleni anachambua mchele kwenye sinia.

"Kantafoi," nikasema, "naomba jina la mtoto."

"Mtoto wa nani?"

"Wangu."

Sinia lilianguka, mchele ukasambaa mpaka chini ya kabati. Mama alitoka jikoni mbio, mikono imejaa unga, akamkuta Kantafoi amenishika mabega ananikagua kuanzia kichwani hadi tumboni. Loo! Ilinichukua muda kuwaeleza kwamba mtoto mwenyewe yumo daftarini. Mama alicheka mpaka akakaa sakafuni kwenye mchele. Kantafoi hakucheka. Aliniamuru niisome hadithi yote, na nilipokuwa nikisoma akaokota mchele punje moja moja. Nilipomaliza akaanza maswali. Alizaliwa saa ngapi? Njiani alikula nini? Huo mti ulikuwa mkubwa kiasi gani, na kwa nini hakumwita mtu wa kumsaidia? Nikajibu nilivyoweza, mengine nikitunga papo hapo. "Na wewe," akasema mwishoni, amekunja uso kwelikweli, "umemtoa mtoto nyumba hii, umempeleka msituni peke yake kwenye ukungu, hana jina. Akipotea, watu watamwita nani?"

Kwa hiyo Alhamisi asubuhi, Mama Ndeanasia alipopanda ngazi na madumu yake, alikuta sebuleni kumetandikwa kitambaa chekundu cha hariri kutoka dukani, na katikati yake limelazwa daftari langu. Pembe zilitakiwa nne. Nilesh alishika moja, mimi ya pili, Mama ya tatu. Kantafoi hakuruhusiwa kushika kwa sababu ndiye mtoa jina, na Baba alishateremka kufungua duka. "Mama Ndeanasia, weka maziwa chini," Kantafoi akasema, "njoo ushike pembe." Yule mama alinawa mikono kwanza, bila kuuliza ni ibada gani hii ya kubembeza daftari. Kulitakiwa pia jani la kuwekwa juu ya mtoto, nalo hatukuwa nalo. Yeye akazibua dumu, akapangusa lile jani la mgomba kwa upande wa khanga yake, akaliweka. Ndipo akauliza, "Kwetu binti wa kwanza huchukua jina la bibi yake, kama mwanangu Ndeanasia. Huyu ana bibi humo ndani. Bibi anaitwaje?"

"Bibi ni mimi," Kantafoi akasema.

"Basi aitwe Kanta."

"Thubutu! Langu bado nalitumia."

Tukacheka wote, kitambaa kikayumba. Halafu Kantafoi akalinyoosha lile jani juu ya daftari, akalinyoosha tena, mpaka Nilesh akaanza kulalamika mkono unamuuma. "Jina ninalo," alisema. "Nililitoa mara moja. Lilitumika siku tisa tu." Akainama kwenye daftari kama wanavyoinama kwenye sikio la mtoto, akatamka: "Urmila." Pembe ya Mama ikamponyoka. Daftari lingeanguka kama Mama Ndeanasia hangekuwa mwepesi wa kulidaka kwa mkono wa pili. Mama aliondoka, akaenda jikoni, tukasikia maji ya bombani yanatiririka muda mrefu. Nikamwangalia Kantafoi, naye akaangalia dirishani. Aliyenijibu ni Mama Ndeanasia, kwa sauti ya chini, huku akikunja kitambaa. "Kabla yako, mwanangu, kulikuwa na dada yako. Mimi nilileta maziwa siku zile zote. Baba yako tangu amzike hajalitamka jina lake."

Sasa niliogopa kweli. Nilitaka Baba aje, na sasa nilimwomba Mungu asije. Nikamwambia Kantafoi tafadhali abadilishe, atoe jina lolote, Hansa, Kanta, chochote. Akasema jina likishatolewa halirudishwi. Nikafikiria kuacha, Elibariki asome mwizi wake wa ndizi, yaishe. Lakini kila nilipofungua daftari nilimwona yule msichana pale kwenye mfereji, na kwa mara ya kwanza nilimwona sura. Hilo lilinitisha na kunifurahisha pamoja. Ijumaa nikampelekea Mwalimu Kimaro. Alisoma amesimama dirishani, ukurasa baada ya ukurasa, kisha akafunga daftari. "Ehee," akasema. "Sasa yupo." Hakuniuliza nimemtoa wapi. Jioni ile, mezani, Mama alimwambia Baba wiki ijayo siku ya kufunga shule na yeye atafunga duka. Hakumwambia kwa nini. Baba alianza kusema habari za wateja, Mama akamtazama tu, na Baba akaendelea kula.

Ukumbi ulinuka matope ya viatu na makoti yaliyolowa. Baba alikaa safu ya pili, kati ya Mama na Kantafoi, mikono magotini, akiwa na wasiwasi wa mtu aliyeacha duka. Sentensi yangu ya kwanza ndiyo ilikuwa na jina. Nilipolisoma, watoto wachache nyuma walicheka, nikawasikia wakilirudia kwa sauti ya puani, na kwa mshangao wangu sikujali hata kidogo. Nilikuwa nikimwangalia Baba. Aliinua kichwa. Nikaendelea kusoma, Urmila akaondoka nyumbani, Urmila akapita vihamba, yale mashamba ya migomba ya Old Moshi, watu wakamwamkia na kumpa ndizi, Urmila akaingia kwenye ukungu. Hapo Baba alisimama. Alisimama wima katikati ya watu walioketi, na mzee wa nyuma yake akaguna, na Mwalimu Kimaro akamwashiria akae. Hakukaa. Nilidhani anaondoka, nilidhani amekasirika na nimeiharibu nyumba yetu kwa hadithi, na machozi yakaanza kunichezea machoni, lakini nikasoma. Nilisoma kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. Urmila akauvuta mti, maji yakapita, akageuka, akateremka nayo mpaka mlangoni kwa bibi yake, akaingia ndani. Baba akaketi.

Sikumbuki makofi, ingawa Grace anaapa yalikuwa mengi. Nakumbuka njia ya kurudi. Baba alinishika mkono, jambo ambalo hakulifanya tangu nianze shule, na tulitembea hivyo mpaka karibu na duka. Kisha akauliza, "Kule juu msituni kuna baridi. Alikuwa amevaa sweta?" Nikamwambia sikuandika habari ya sweta. "Mwandikie," akasema. Usiku huo nilikata sentensi moja, nikaongeza sweta la kijani lenye vifungo vinne. Tangu hapo kila likizo Baba aliniuliza swali moja: Urmila amefika wapi? Na mimi, bila kuambiwa, nikaanza kazi yangu ya maisha. Nilimpeleka Tarakea siku ya soko, akanunua maharage akavuka mpaka, nikamrudisha. Nilimwingiza sekondari. Alipofikisha miaka ishirini nilimpeleka hospitali ya Mawenzi kuwa muuguzi, Baba akafurahi wiki nzima.

Leo naandika vitabu. Kwenye mikutano ya wasomaji huulizwa kwa nini wahusika wangu wa Kihindi wana majina kamili, hata yule anayetokea ukurasa mmoja kununua vocha ya simu akaondoka. Huwa nasema ni mazoea. Ukweli ni kwamba bado namwona Mwalimu Kimaro amefungua daftari, anamtafuta mtu nyumbani kwake. Mji wetu wa Moshi nao umebadilika. Watoto wa Kigujarati waliobaki ni wachache, wengi wamehamia mbali, na waliobaki wanazungumza Kiswahili cha mtaani kinachonipiga chenga mimi mwenyewe. Manka siku hizi ni Manka kila mahali, mpaka kwenye kadi yake ya benki. Jina la Grace kalibakiza kanisani. Majina tuliyokuwa tukiyaficha kwenye begi yameandikwa kwenye mabango ya maduka. Nayatazama nikipita, na nakiri naona fahari kama vile niliyapaka rangi mimi.

Kantafoi hayupo tena, na zamu imekuwa yangu. Masika iliyopita Nilesh, ambaye ndiye mwenye duka sasa, alinipigia simu Dar es Salaam: mkewe amejifungua binti. "Kazi imekuita, foi," akasema, kisha akashusha sauti. "Mimi na mke wangu tungependa aitwe Urmila. Jina lipo, halina mwenyewe." Nilipanda basi, na asubuhi ya siku ya sita nilikuta sebule ileile, kitambaa chekundu kingine, na jikoni maziwa yanachemka. Huletwa na Ndeanasia mwenyewe sasa, kwa pikipiki, lakini siku hiyo alimbeba na mama yake, mzee wa fimbo, kwa sababu aliapa pembe yake haishikwi na mtu mwingine. Alikuja na jani la mgomba mkononi bila kuambiwa. Baba alikuwa kwenye kiti chake, umri umemkalia, mambo ya jana yanampotea. Nilipomwamkia aliniangalia kwa furaha na kuuliza, "Urmila amefika wapi?"

Nikamwambia Nilesh kando, "Lina mwenyewe." Alimtazama Baba, akaelewa, akanishika bega. Pembe zikashikwa: Nilesh, Mama, Ndeanasia, na mama yake aliyekataa kukaa. Nikainama kwenye sikio la yule mtoto. Jina nilikuwa nalo tangu darasa la tano. Nilikuwa nimemvua msichana mmoja nyumbani humu, kwa haki kabisa wakati ule, kwa sababu mtu wa jina hilo hakuweza kuwa ameingia kwenye nyumba yenye taa ya samli na majani ya mwembe mlangoni. Sasa anaweza. "Neema," nikasema, na hakuna aliyecheka wala kuuliza ameingiaje. Mama Ndeanasia alisema "Aika," asante ya kwao, na kitambaa kikabembezwa.

Baba alikuwa amesimama. Hatukumwona alivyonyanyuka, yeye ambaye siku hizi hunyanyuliwa na watu wawili. Alisimama ameshika mgongo wa kiti, anamtazama mtoto, mpaka mke wa Nilesh alipompakata. Ndipo akaketi. "Na huyu naye," akasema, "mtafutieni sweta."